Mkate wa Kumega

Waingereza wana jina la mkate huu ambalo likifasiriwa neno kwa neno hugeuka kichekesho: mkate wa kuvuta ukaachana. Nimejaribu kuutafutia jina letu nikaishia kwenye mkate wa kumega, na hilo nalo si jina, kwani ni mkate gani usiomegwa? Mofa humegwa, ajemi humegwa, mkate wa ufuta humegwa ungali unaunguza vidole. Hata boflo lililofungwa gazetini lilimegwa njiani, na mtoto aliyetumwa dukani akaulizwa ncha imekwenda wapi. Katika nyumba niliyokulia Unguja kisu kilikuwa cha samaki na cha mboga. Sikumbuki kukiona karibu na mkate.

Nadhani jina lao limetokana na mashine. Tarehe 7 Julai 1928, katika mji mdogo wa Chillicothe, jimbo la Missouri, Marekani, uliuzwa kwa mara ya kwanza mkate uliokatwa slesi kwa mashine ya Otto Rohwedder. Tangu hapo, mkate wa kila siku katika nchi hizi ni kitu kilichokwisha kugawanywa kabla hakijafika mezani. Slesi yako ni yako, yangu ni yangu, na mtu anaweza kula wiki nzima bila ya mkono wake kukutana na mkono wa mwenziwe. Mkate usiokatwa ukawa ndio wenye kuhitaji sifa ya ziada.

Mambo haya nisingeyafikiri lau si baba. Alikuja kuishi nasi Leicester miezi michache baada ya mama kufariki, akakuta nyumba iliyojaa watu na meza isiyo na mtu. Mume wangu huendesha basi, na zamu zake hubadilika kila wiki. Mimi hufanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwanetu wa kiume, mwenye miaka 17, hula saa tano usiku amesimama mbele ya friji. Mdogo wake hula chumbani, uma mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Chakula hakikukosekana. Wali ulikuwapo, mchuzi ulikuwapo, kila bakuli na kifuniko chake, na maikrowevu haikupumzika. Baba alipashiwa chakula, akawekewa mezani, akala matonge matatu, akaifunika sahani kwa sahani nyingine. Kati ya Septemba na Januari alishuka kutoka kilo 63 hadi kilo 57. Daktari alimpima damu, hakuona ugonjwa, akamwandikia chupa za maziwa ya kumwongezea nguvu. Baba alizipanga dirishani, zikakaa hapo kama mapambo.

"Baba, mbona huli?" nilimwuliza siku moja.

"Ninakula, mwanangu. Chakula cha peke yangu ndicho hakishuki."

Sikulichukulia jibu lile kuwa ni deko la uzee. Kazini tuna karatasi ya kila mzee, ambayo tunaandika kwamba huyu amekula robo, huyu nusu, huyu chote. Nimeijaza karatasi hiyo kwa miaka, na nimewaona wazee wanaosukuma sahani si kwa sababu wameshiba, bali kwa sababu wamechoka kutazamwa. Kwetu tulikula sinia moja. Kila mtu alikuwa na upande wake, akila kilicho mbele yake, na mama alikuwa na mtindo wa kumchambua samaki na kuisukuma minofu kwa ncha za vidole hadi upande wa yule aliyemwona mnyonge siku hiyo. Hakusema neno. Ukinyanyuka, hakuna aliyejua umekula kiasi gani, maana ulichokiacha kilikwisha kuliwa na aliye kando yako. Sahani haina stara hiyo. Sahani ni shahidi: inabaki mezani baada yako na kueleza yote.

Mtu atauliza kwa nini basi nisilirudishe sinia. Nililirudisha. Siku ya Idi lilipendeza; siku ya Jumanne lilikuwa kama kikao cha mahakama. Sinia linataka wote wakae pamoja, wanawe pamoja, waanze pamoja, na nyumba yenye zamu tatu haiitiki wito huo ila kwa kuburutwa. Watoto walikaa kwa adabu na saa mikononi. Baba aliona. Hakuna mzee asiyetambua pale watu wanapomvumilia.

Mkate uliingia kwa mlango mwingine kabisa. Mkate wa kitunguu saumu ni mwenyeji wa meza za Uingereza ingawa si mzaliwa. Si zamani sana ulikuwa bado kioja, na mchekeshaji Peter Kay, mtu wa Bolton, amewachekesha watu miaka mingi kwa mshangao tu wa kuyasikia maneno hayo mawili, kitunguu saumu na mkate, yakitajwa kwa pumzi moja. Leo vijana huununua dukani umegandishwa. Mwanangu aliwaalika rafiki zake wanne kutazama mpira, akaniomba nimletee miwili ya barafuni. Nilikuwa na mapumziko, unga ulikuwapo, nikamwambia aache.

Huo ninaoupika ni wa vidonge vilivyobananishwa katika chombo kimoja. Si ubunifu wa jana. Wahungari wana aranygaluska, vidonge vya unga vilivyochovywa siagi na kugaragazwa katika sukari na jozi. Waukraine wana pampushky, vimikate vya kitunguu saumu vinavyoliwa na supu ya bitiruti. Mimi ninatumia unga wa ngano nusu kilo, ule wa mikate. Pakiti yake huandikwa protini gramu 12 au 13 katika kila gramu 100, na tofauti yake na unga wa keki huijua mikononi: huu huvutika, ule hukatika. Hamira pakiti moja ya gramu 7, sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, siagi gramu 50, na maziwa ya vuguvugu mililita 300. Maziwa yakiunguza kidole yataua hamira. Unakanda dakika kumi, bila ya kuongeza unga kila unaponata, kwani kunata kwenyewe kutakwisha. Ukiunyoosha kidogo kati ya vidole ukawa mwembamba hadi mwanga ukapenya pasina kuchanika, umekandika.

Kisha unangoja. Unguja mama aliufunika unga kwa kanga, akaenda kusali, akirudi akaukuta umefurika. Leicester mwezi wa Januari, nyumba ikiwa na nyuzi joto 16, unga hukaa kama mgeni aliyekataa kuvua koti. Mimi huuweka katika kabati lenye tangi la maji ya moto, pamoja na mashuka, kwa saa moja na nusu.

Wakati huo ndio wa kitunguu saumu. Watu wengi hukikatakata au hukikwaruza. Mimi ninakitwanga katika kinu kidogo, punje nane kwa chumvi kidogo, hadi kiwe rojo. Kitunguu saumu kizima hakinuki sana, kama ajuavyo yeyote aliyekiweka kikapuni. Harufu yake huzaliwa pale chembe zake zinapopondwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kikakutana na kile kinachokingojea, na ikatokea alisini. Moto hukizima kimeng'enya hicho. Kwa hivyo kitunguu kilichotwangwa na kuachwa dakika kumi kabla ya kutiwa kwenye siagi ya moto huingia na ladha yake kamili, na kile kinachorushwa motoni papo hapo huingia nusu. Mama hakujua habari za vimeng'enya. Alitwanga, akaacha, akashughulika na nazi, ikawa ni vilevile.

Wakati ninatwanga, baba alitoka chumbani. Harufu ndiyo iliyomtoa. Alisimama mlangoni, akauliza kama kitapikwa au kitaliwa kibichi, maana kesho yake ilikuwa Ijumaa. Wasomaji Waislamu wanajua alichokuwa akikiuliza: kuna makatazo ya kwenda msikitini na harufu ya kitunguu saumu mdomoni, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba anayetaka kukila akiue kwanza kwa kukipika. Nilimwambia kitakufa. Akacheka, na kuniuliza kama ninajua kwamba saumu ya kitunguu na saumu ya Ramadhani si neno moja. Na kweli si moja. Moja ni thum ya Kiarabu, la pili ni sawm. Kiswahili kimezikutanisha katika matamshi, na ndiyo maana watu wa kwetu wengi bado husema thomu, wasije wakafungua kwa kile wanachofungia. Alikuwa mwalimu, na hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu kuja kwake.

Nilimpa kinu. Aliketi, akatwanga punje zilizobaki, nami nikaukata unga vidonge thelathini, kila kimoja kiasi cha gramu 30, ukubwa wa ndimu ndogo. Siagi gramu 120 niliiyeyusha kwa moto mdogo, nikatia rojo la kitunguu, kotmiri iliyokatwakatwa na pilipili mbichi moja. Kitunguu kisipate rangi ya kahawia, kwani kikiungua huwa kichungu na uchungu wake hautoki. Kila kidonge huchovywa mzima, kikapangwa katika chombo, tabaka juu ya tabaka. Kazi yote iko katika siagi hiyo. Unga mbichi ukigusana na unga mbichi huungana ukawa donge moja. Mafuta yakikaa katikati, vidonge hushikana bila ya kumezana. Huumuka tena nusu saa vikisukumana, huiva vikiegemeana, na kila kimoja hubaki na ngozi yake. Nyuzi 180, dakika 25 hadi 30, na karatasi ya foili juu ikiwa uso unawahi kuwiva. Tangu bei za gesi na umeme zilipopanda hapa mwaka 2022, oveni yetu haikuwa ikiwashwa kwa ajili ya mtu mmoja. Hilo nalo lilikuwa limechangia kutupeleka kwenye maikrowevu na vibakuli vyetu.

Niliuweka mkate katikati ya meza ndogo, mbele ya televisheni. Sikumwita baba. Vijana watano waliunyoshea mikono macho yakiwa mpirani, na mkate wa namna hii una tabia ambayo slesi haina: kidonge hakitoki kimya. Huvutika, hutoa moshi, hung'ang'ania cha jirani, na mara nyingi viwili hutoka pamoja ukajikuta unacho cha ziada mkononi, huna budi kumpa mtu. Mmoja wa vijana, mtoto wa Kipolandi, alitokewa na hali hiyo. Aligeuka, akamwona mzee aliyeketi kando yake, akampa kimoja kama angempa yeyote. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Baada ya hapo alijisogeza, akaanza kumega upande wake mwenyewe, ule uliokuwa mbele yake. Alikula vingapi siwezi kusema. Hakuna aliyehesabu, na chombo kilirudi jikoni kikiwa hakina kitu isipokuwa siagi pembeni.

Sidai kwamba mkate umemponya mtu. Bado kuna siku anafunika sahani, na msiba wa mke wa miaka 46 hauondoki kwa hamira. Ila nimeanza kuutengeneza kila Alhamisi na Jumamosi, na kuuacha mezani. Hauhitaji kikao. Anayepita anamega, anakaa dakika tano au dakika ishirini, anaondoka, mwingine anakuja, na baba yuko pale kama mwenye baraza. Mjukuu wake wa kike sasa huja na kitabu chake na kukisomea mezani. Mwezi wa Aprili mzani ulionyesha kilo 59. Daktari alisifu maziwa ya chupa. Sikumbishia.

Kitunguu saumu hununuliwa na baba siku hizi. Huenda kwa miguu hadi duka la mzee mmoja wa Kigujarati, ambaye familia yake ilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na maelfu ya Waasia, wengi wao wakaja kutua Leicester. Mzee huyo anasema Kiswahili cha Kampala, kisicho na ngeli nyingi, na muhogo anauita mogo, kama wanavyouita Wagujarati wote wa hapa. Neno letu limesafiri nao likapoteza silabi njiani, na leo limeandikwa katika orodha za vyakula za migahawa yao, mogo wa kitunguu saumu na pilipili. Baba humsahihisha ngeli. Mzee humpunguzia bei. Safari ya dakika kumi huchukua saa mbili.

Mwanangu amejifunza kuupika, kwa hivyo siku ninazokuwa kazini hausimami, ingawa yeye hutumia chombo cha chuma cha kukamulia kitunguu na babu yake hajamsamehe kwa hilo. Jumamosi iliyopita niliingia zamu ya usiku, nikarudi asubuhi wote wamelala. Chombo kilikuwa kimeoshwa. Mezani, upande ninaokaa mimi, palikuwa na vidonge vitatu vilivyofunikwa kwa kisahani. Vilikuwa vimepoa, na siagi imeganda juu. Nilivila nimesimama, koti mwilini.