Ini la Mtoto

Hapa kwetu Bariadi mtoto akiwa mnene sana, jirani husema, "Nyumba hii ina neema." Akiwa na tumbo lililovimba na nywele zilizofifia, wengine hunong'ona habari za uchawi na kumtazama mama yake kwa jicho baya. Nimeyasikia maneno hayo yote mawili. Lakini watoto hao wawili huenda wana shida moja ndani yao: ini lililojaa mafuta.

Huyu wa pili amekosa chakula cha kujenga mwili. Mwaka 1935 tabibu Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliwafahamisha madaktari jina walilotumia wenyeji wa huko, kwashiakoo, yaani ugonjwa wampatao mtoto mdogo wake azaliwapo. Tabibu Hugh Trowell wa Mulago, Kampala, pamoja na wenzake, walitoa kitabu juu yake mwaka 1954. Ini la mtoto huyu hushindwa kuyatoa mafuta yake, nayo hubaki humo.

Yule mnene hupata sukari kupita kiasi. Ini huigeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Na mwili usipoitii insulini, mafuta huzidi. Tena kuna urithi. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni iitwayo PNPLA3 huongeza mafuta ya ini. Mtoto hulipata kwa baba, au kwa mama, au kwa wote wawili. Ndiyo maana watoto wawili waweza kula chungu kimoja, mmoja akaugua na mwenziwe asiugue.

Hata hivyo urithi si hukumu. Mbegu ya pamba haioti ghalani; hungoja udongo na mvua.

Basi huniuma kuona mtu akiuza dengu na choroko zote, kisha akarudi nyumbani na chupa za soda. Yafaa tubakize debe la watoto, tuwape na dagaa, maziwa na mboga, nao wanywe maji, wakacheze. Tena ini mara nyingi huugua kimya. Mtoto aliyevimba au aliyenenepa mno na apelekwe kwa mganga wa hospitali mapema.

Wala mama yake asilaumiwe. Asaidiwe.