Siku Moja Wasini

Wageni wetu wa Ndalu, nchi ya mvua na mahindi, wamekuja kututembelea pwani, nasi twapanga kuwavusha Wasini. Tutatoka baada ya sala ya alfajiri, tupande mashua Shimoni, tupite daraja la mbao la akina mama wa kisiwani juu ya matumbawe makavu, turejee kabla ya magharibi.

Lakini tumewausia mapema: kisiwa hicho hakina mto, kwa miaka mingi watu wake wametegemea mvua waliyoikinga. Basi kila mmoja achukue maji yake ya kunywa na ya kutawadha. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Ataponaje tukimkaushia birika? Israfu yakatazwa hata ukingoni mwa mto, seuze Wasini!