Nilianzia kwenye Kutoa Pumzi

Ushonaji una upande. Gurudumu la cherehani liko kulia, na mguu wa kulia ndio unaokanyaga pedali ya mota. Miaka mingi ya kukaa hivyo ilinipa bega la kulia lililoshuka, shingo iliyotangulia mbele, na kiuno kilichowaka moto kila msimu wa sare za shule, Desemba na Januari, wakati fundi halali.

Kila mtu aliniambia kaa wima, toa kifua. Nilijinyoosha kwa bidii zote. Kiuno kikazidi kuingia ndani, mbavu za chini zikachomoza, na jioni maumivu yakawa makali kuliko ya jana.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, kijana wa rika la mwanangu, hakuanza na mgongo. Alinilaza chali, akaweka kiganja juu ya mbavu zangu za chini. "Mama, hewa unaivuta tu, huimalizi kuitoa."

Akanieleza kwamba kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kimejishikiza kwenye mbavu za chini na kwenye pingili za kiuno. Ukivuta pumzi kinashuka. Ukiitoa yote kinapanda juu. Mbavu zikibaki zimeinuka, hakipati nafasi ya kupanda, na misuli ya shingo inabebeshwa kazi ya kuinua kifua. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Piga hesabu ya siku nzima ya kushona, uone shingo yangu ilivyokuwa ikiteseka.

Zoezi lenyewe halina kifaa. Nalala mkekani, nyayo ukutani, nyonga na magoti vimekunjwa kama mtu aliyeanguka chali na kiti chake. Nakandamiza visigino kuelekea chini mpaka makalio yanyanyuke kidogo na kiuno kilale bapa. Navuta pumzi kwa pua, naitoa kwa mdomo polepole hadi misuli ya ubavuni ikaze, kisha nangoja kidogo kabla ya kuvuta tena. Kungoja huko ndiko kugumu. Mwanzoni nilidhani nitazimia. Kisha hewa ikaingia mgongoni, katikati ya mabega, mahali ambapo sikuwahi kuihisi. Nililia, na sioni haya kusema.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba mtaalamu yule hakunitaka niwe sawa pande zote. Ini liko kulia, moyo umeelekea kushoto, na hata kiwambo kimejishikiza chini zaidi upande wa kulia. Alitaka niweze kuuacha upande wa kulia ninapotaka. Sasa nikipiga pasi nauegemea mguu wa kushoto, natoa pumzi. Kila nikimaliza nguo moja, nainuka na kutembea.

Usingizi ndio uliotangulia kurudi. Shingo ikafuata. Kiuno kilichelewa sana, na msimu wa sare bado kinanikumbusha nikiuacha mkeka. Lakini nikitembea mikono inayumba yenyewe, na kubeba ndoo hakunitishi tena.

Fundi mwenzangu akija analalamika mgongo, namtandikia mkeka palepale kibandani. Ila akiniambia mguu unakufa ganzi au mkojo unamtoka bila kujijua, simlazi. Huyo namhimiza aende hospitali siku hiyohiyo.