Chanda kikikunjika: dalili moja, vyanzo vitatu

Leo naweka programu kando nizungumzie vidole. Msishangae. Sisi tunaoandika programu tunakula kwa vidole, na kwetu Siyu, kisiwani Pate, watu wamekula kwa vidole tangu zamani. Karne ya 18 na ya 19 mafundi wa huko walinakili misahafu kwa mkono, wakafua fedha, wakashona ngozi. Kazi ya ngozi ingaliko, na mjomba wangu ni mmoja wa wanaoshona viatu.

Chanda chake cha pete (kwetu kidole ni chanda) kilianza kukunjika na kukataa kunyooka. Kwa miezi mitatu alikandwa mafuta, akavutwa kidole, akauziwa dawa ya baridi yabisi. Hakuna kilichosaidia, na jozi za viatu zikazidi kupungua kila wiki. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta, hebu nitafutie dawa ya chanda."

Mwandishi wa programu akiona mashine imeganda hagusi kitu kabla ya kujua chanzo, maana dalili moja hutoka mahali pengi. Kidole nacho ni hivyo hivyo. Nilichokusanya ni hiki:

1. Kidole kinachokwama. Kano inayokunja kidole hupita ndani ya vijishimo kama kamba ndani ya pete. Ikivimba, hunasa mlangoni. Asubuhi kidole hugoma, kisha hufunguka ghafla kwa mlio, tak! Ukikisaidia kwa mkono wa pili, mara nyingi hunyooka. Tiba huanza kwa kupumzisha mkono na kuvaa gango kwa wiki kadhaa. Ikishindikana, kuna sindano ya steroidi, ambayo huwafaa wengi. Mwisho ni upasuaji mdogo: ganzi ya mahali hapo tu, mkato mfupi kiganjani, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

2. Ugonjwa wa Dupuytren, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeufanyia upasuaji Paris mwaka 1831. Chini ya ngozi ya kiganja huota uvimbe mgumu, kisha kamba zinazovuta kidole cha pete na cha mwisho. Hauumi sana, na hata ukivuta kwa mkono wa pili kidole hakinyooki. Kwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra. Kukanda hakuufuti. Kama kiganja bado kinalala sawasawa juu ya meza, kwa kawaida husubiriwa. Kisipolala, kamba hukatwa kwa ncha ya sindano au huondolewa kwa upasuaji, na huweza kurudi. Ipo pia sindano ya kimeng'enya iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Ulaya iliondolewa sokoni mwaka 2020.

3. Ukoma. Hapa kinachoharibika ni mshipa wa fahamu, na vidole vya mwisho hujikunja kama kucha za ndege. Ishara kubwa ni kutohisi: unaungua au unajikata bila kujua, na huenda ngozi ina mabaka yaliyopauka. Ukoma unapona. Dawa zake huchukua miezi 6 au 12, na tangu 1995 hutolewa bure duniani kupitia Shirika la Afya Duniani. Lakini dawa huua vijidudu tu. Mshipa uliolegea karibuni, chini ya miezi 6, unaweza kuokolewa kwa vidonge vya steroidi. Ukichelewa, hubaki mazoezi na upasuaji wa kuhamisha kano, ule alioanza daktari Paul Brand huko Vellore, India, miaka ya 1940.

Basi maswali yangu kwa mjomba yalikuwa mawili. Je, kinanyooka ukikivuta? "Kinanyooka, tena kinalia." Je, ukichomwa na maharazi unahisi? "Nahisi mpaka moyoni!" Nikamwambia hayo ayaseme hivyo hivyo kwa daktari.

Akavuka kwa boti hadi Lamu. Daktari alithibitisha ni kile cha kwanza, akapima na damu, maana kisukari huandamana sana na maradhi haya. Kikapatikana. Hilo linabadilisha hesabu, kwa kuwa steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Alidungwa mara moja, sukari ikiangaliwa kila siku, na chanda kikafanya kazi miezi mitano. Sasa kimeanza kunasa tena. Mjomba amechagua upasuaji, ingawa maana yake ni safari ya Mombasa na wiki kadhaa bila kushona. Anasema afadhali wiki hizo kuliko kila asubuhi kubishana na kidole.

Nawe ukiona kidole kinakunjika, jiulize maswali hayo mawili kabla ya kununua mafuta. Kama hakihisi, usingoje hata wiki. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, kwani hapo muda ndio dawa yenyewe.