Nilimwosha Mandazi kwa Sababu ya Video

Ile video ya Mandazi akiwa amefungwa taulo, ile mlicheka hadi mkaitisha sehemu ya pili, niliifuta. Wengi mmeniuliza mbona. Sawa, leo nasema.

Mandazi ni ginipigi wangu. Kiswahili cha vitabuni kinamwita simbilisi, lakini ukisema hivyo mtaani kwetu utaulizwa kama ni ugonjwa. Ni dume, rangi yake ni kama jina lake. Siku ya kurekodi nilimgeuza nikaona pale nyuma, mahali mkia ungekuwa kama angekuwa nao, manyoya yameshikana. Kitu cheusi, kinanata kama grisi ya baiskeli, na kinanuka. Nikaona aibu. Nikajiambia, wasee watasema nafuga uchafu.

Nikachukua sabuni ya kipande ya kufulia na mswaki wa zamani. Nikasugua. Haikutoka, nikaongeza nguvu. Iliyobaki nikaing'oa kwa kucha. Ginipigi akilia, nyumba nzima inajua. Mathe akauliza kutoka jikoni, "Unamfanyia nini huyo mnyama?"

"Namwosha tu, Mum."

Halafu nikamfunga taulo, nikabonyeza rekodi. Kama mliiangalia vizuri, alikuwa anatetemeka.

Kesho yake pale palikuwa pekundu, pabichi, na hakugusa sukuma. Ginipigi akiacha kula si jambo la kungojea Jumatatu. Jamaa wa agroveti alimtazama akacheka kidogo: "Kijana, mimi ni wa kuku na ng'ombe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo." Nikaenda na pesa niliyokuwa nawekea taa ya kurekodia.

Daktari alimweka mezani, akapanua manyoya polepole. "Huu si uchafu. Ni tezi ya mafuta. Wote wanayo, ila kwa madume ndiyo hufanya kazi sana." Akanieleza kwamba Mandazi akiburuta makalio sakafuni huwa anaacha harufu yake, kuwaambia wengine hapa pana mwenyewe. Na mimi nilidhani ni dansi!

Akauliza, "Ulimwosha na nini?"

"Maji tu, daktari."

Akainama, akanusa yale manyoya, akaniangalia. Hakusema kitu. Akaendelea kusafisha kidonda, na mimi nikaendelea kutazama sakafu.

Sikumwosha tena hadi ngozi ikapona kabisa. Sasa hivi nafanya hivi: namkagua kila wiki, lakini nasafisha tu nikiona mafuta yamejikusanya. Napaka mafuta ya nazi kidogo kwa pamba, nangoja dakika tano hivi yalainishe ule ugumu, kisha napangusa na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ikibaki, narudia siku nyingine. Sing'oi. Nikilazimika kutumia shampuu, ni ile ya wanyama wadogo, tone moja, hapo nyuma peke yake, nasuuza yote. Kisha namkausha hadi akauke kweli, hasa Julai hii ya Nairobi. Pakivimba, pakitoka damu au usaha, hiyo si kazi ya mafuta ya nazi. Rudi kwa daktari.

Na si kila shida ya ngozi ni tezi. Akijikuna hadi manyoya yanatoka, huenda ni utitiri, na dawa yake hupimwa kwa uzito wake, si kwa kukisia. Kipara cha mviringo chenye magamba kinaweza kuwa choa, na hicho unaweza kuambukizwa hata wewe. Kitu kingine sikujua: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama wetu tu, na ikikosekana ngozi inaharibika na vidonda havifungi. Kwa hivyo anapata kipande cha pilipili hoho kila siku. Maranda yakilowa, nabadilisha. Mkojo unachoma nyayo.

Mandazi alikaa siku nyingi akikimbilia kona akiona mkono wangu. Nilikuwa naweka hoho mlangoni, nakaa kando bila simu. Juzi alikula akiwa juu ya paja langu.

Manyoya yameota tena, ila sehemu moja bado ni nyembamba. Na mathe ameanza kuuliza mbona mafuta yake ya nazi yanaisha haraka.