Njombe hakutaki ubishoo

Mtoto wa mjini akisikia ana safari ya Njombe mwezi wa Juni au Julai, cha kwanza ni mbio Karume kwenye mitumba kutafuta koti. Akilipata lile nene kama godoro, basi, anajiona kamaliza. Ndani katupia fulana moja ya mikono mifupi, chini jinzi. Anapendeza kweli, hatubishi.

Basi likishapanda Kitonga, joto la Pwani ndiyo umeliaga. Mafinga unafunga dirisha. Makambako mnakata kushoto na hata waliokuwa wanapiga soga tangu Mikumi wanakuwa wapole. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Hesabu mwenyewe, mshikaji. Kule Kitulo, Makete, ndiyo usiombe, zipo asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu.

Sasa ubaya wa koti moja ni huu. Saa 12 asubuhi upepo unapenya kwa chini na kukukuta na kifulana. Saa 7 mchana jua limewaka, unapanda vilima, jasho linakutoka. Ukilivua unaganda, ukilibakiza unalowa, na jioni jasho hilohilo ndilo linalokutetemesha meno.

Waangalie akina mama wanaouza viazi asubuhi. Blauzi, juu yake sweta, juu tena sweta, halafu koti, na kitenge kimezungushwa kiunoni. Kinachotunza joto ni ile hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo. Jua likipanda wanazibandua moja moja kama maganda ya kitunguu, likizama wanarudishia. Wewe anza na fulana nyepesi inayoshika mwili, fuata na sweta, ya sufu ukiipata, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo. Mzula kichwani. Soksi mbili sawa, ila kiatu kikibana umefanya kazi bure, damu haipiti vizuri na vidole vinaganda palepale.

Asiyejiandaa ndiye usiku anayeomba jiko la mkaa liingizwe chumbani, mlango na dirisha vimefungwa. Hapa utani naweka pembeni. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, hata moshi ukiwa umekwisha. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, mtu anasinzia na haamki. Watu wamekufa hivyo hapahapa nchini, wengine familia nzima. Bora ulale na sweta mbili na soksi, wakucheke asubuhi.

Na pombe isikudanganye, inapeleka damu kwenye ngozi, unajisikia moto kumbe joto ndiyo linatoka.

Dada zangu, taiti chini ya sketi ruksa. Njombe hakuna mwenye muda wa kukutazama miguu, kila mtu anatazama chai inachemka wapi.