Pete ya Kitwitwi

Kila mwaka, pepo za kusi zikianza kulegea mwezi wa Agosti, sisi na wanafunzi wetu hushuka ufukoni Mida, karibu na Watamu, kuwatazama ndege wageni. Maji yakipwa, hutawanyika matopeni kutafuta chakula, wala hawahesabiki vema. Bali yakijaa, husongamana penye mchanga mkavu. Hapo twawahesabu kumi kumi na kuandika katika daftari siku, saa, aina na idadi.

Miongoni mwao yuko kitwitwi mmoja mdogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo. Kwao ni kaskazini kabisa mwa Siberia, na huko ndiko atagako mayai kwa kawaida. Wazee hutangulia kuja, wengine wangali wekundu kifuani; makinda hufuata nyuma bila wazazi, katika njia wasiyoipita bado.

Je, watu waliwezaje kuzijua safari za ndege? Mwaka 1899 mwalimu wa shule katika Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliwavika ndege pete nyepesi za alumini, zenye namba na anwani, ili amwonaye ndege huyo apeleke habari. Tangu hapo desturi hiyo imeenea duniani.

Nasi tunayo aibu yetu. Mwaka mmoja mtoto alituletea kitwitwi aliyenaswa katika wavu wa samaki, amekwisha kufa, na mguuni ana pete. Tulikuwa tukisahihisha hesabu, tukamwambia, “Ngoja, mwanangu, tutaitazama kesho.” Kesho yake akaja analia: “Mwalimu, niliitunga katika uzi nikaivaa shingoni, na uzi umekatika nikiogelea.” Hatukuweza kumkaripia, maana kosa lilikuwa letu, sisi tuwafundishao watoto kuandika tarehe juu ya kila ukurasa. Tuliandika katika daftari: “Kitwitwi mmoja, ana pete, namba haikusomwa.” Mstari huo hatukuufuta, na kila mwaka twawasomea wanafunzi wapya.

Basi, ndugu msomaji, ukimpata ndege mwenye pete, soma namba na anwani siku ile ile. Andika tarehe na mahali, ukapeleke habari. Akiwa hai, mwachilie aende na pete yake. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo mezani, na mali ikapotea vivyo hivyo.